Muuza Mamba wa Stan

Juzi asubuhi binti yangu aliniletea simu barazani, akasema kuna mwanamke wa Kongo anamtafuta mtu anayeitwa Papa Kisu. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikakiweka chini. Hapa Ujiji watu wananiita Mzee Kassim, na wale wa zamani sokoni huniita Kassim Mchinjaji, lakini jina hilo la Papa Kisu sikuwa nimelisikia kwa zaidi ya miaka hamsini, na aliyenipa ni mtu mmoja tu. Yule wa kwenye simu alisema anaitwa Odette, yuko Kisangani, na namba ameipata msikitini kule, kwa mtu mwenye ndugu Kigoma. Kisha akasema, "Papa, mama amekufa. Mama Albertine. Alituambia tukutafute, tukuambie." Nikasema innalillahi, nikamuuliza alikufaje. "Alikufa muzuri, papa. Ku kitanda yake, wajukuu wote iko pale." Binti yangu aliniona nafuta macho, akauliza Mama Albertine ni nani. Nikamwambia alikuwa anauza mamba. Akacheka, kisha akaona mimi sicheki, akaketi. Watoto wangu wanajua nilikaa Kongo mwaka mmoja ujanani, basi. Nimewalea kwa kazi ya kisu, wamesoma kwa kazi hiyo, na wala sijawahi kuwaambia kwamba niliijua vizuri kwenye soko la watu wasiokula ninachokula mimi, kwa mwanamke asiyesali ninakosali.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Kongo ilikuwa na uhuru mchanga bado, na Kisangani wakati huo iliitwa Stanleyville, ingawa wenyeji walisema Stan tu. Waislamu wa kule, wajukuu wa wale waliokuja na misafara ya biashara zamani za babu zao, walifiwa na mchinjaji wao, wakaandika barua Ujiji kuomba kijana anayejua kisu na anayejua dua. Nikapelekwa mimi. Nilipokewa na Papa Ramazani, fundi wa viatu, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, akanipa chumba cha nyuma chenye kitanda cha chuma na dirisha linalotazama jikoni. Chumba kile ndicho kilichonifundisha mji. Kila neno lililosemwa jikoni lilinifikia, pamoja na moshi na harufu ya mawese. Usiku wa kwanza nilikula lituma, ndizi zilizopondwa zikafinyangwa kama tonge kubwa, na samaki ndani ya mchuzi mwekundu, nikala mpaka nikaona haya. Nilipoingia chumbani nikamsikia mke wa Papa Ramazani, Mama Salima, akiwaambia dada zake, "Ule kijana ya Ujiji iko anaongea sawa kitabu. 'Tafadhali naomba nipatiwe maji.' Maji anaomba sawa mutu anaomba bibi!" Wakacheka hadi mmoja akapaliwa. Nililala nikiwa nimeudhika, lakini kesho yake nikaomba maji kwa maneno mawili.

Siku ya tatu Papa Ramazani alinipeleka sokoni. Soko lilikuwa ukingoni mwa mto, hatua chache kutoka mahali meli zilipofunga. Mimi nilitoka Ujiji nikijua kwamba soko la nyama ni mahali pa nyama: paja limetundikwa, mizani inayumba, nzi wanafukuzwa kwa kitambaa. Hapa kila kitu kilikuwa kinapumua. Kobe wa msituni walikuwa wamepangwa safu mbili juu ya majani mabichi, shingo nje, wanatazama watu kama wazee waliochelewa kuhudumiwa. Nungunungu alikuwa ndani ya tenga akitikisa miiba yake, na tenga likawa linalia lote. Kulikuwa na beseni la mabuu ya mchikichi, wanono, weupe, wanajikunja na kujikunjua, hata beseni lote likaonekana kuwa kitu kimoja chenye uhai. Kambale weusi walikuwa wamelala kwenye maji ya mtumbwi uliokatwa katikati, ndevu zao zinagusana. Kima mmoja alifungwa kiunoni kwa kamba ya mgomba, akawa anachagua mchanga kwa vidole kama mtu anayechambua mchele. Na mwishoni, karibu kabisa na maji, chini ya magunia yaliyolowa, walikuwapo mamba. Wafupi, weusi, wa vijito vya msituni, midomo imefungwa kwa ukambaa, mikono imerudishwa mgongoni. Nilihesabu tisa. Macho yao yalikuwa wazi, na yalinifuata.

Kusema kweli sijui nilichokisikia moyoni ni kitu gani. Nilianza na hofu, ikaja karaha, kwa sababu nilikuwa kijana wa dini na nilijiona msafi. Lakini chini ya hayo kulikuwa na jambo jingine lililonifanya nisiondoke. Nilikuwa nimeua wanyama tangu nina miaka kumi na minne, na sikuwahi kusimama mbele ya wanyama wengi hivyo walio hai, kila mmoja na namna yake ya kutazama, kila mmoja ametoka mahali ambapo mimi nisingeweza kuishi hata siku mbili. Nilihisi kama mtu aliyefunguliwa mlango wa msitu mzima, akaonyeshwa waliomo. Papa Ramazani alinishika kiwiko anivute twende kwa wauza mbuzi. Hapo mwanamke aliyekaa kati ya mamba, mnene, mwenye kitenge cha rangi ya udongo na msalaba mdogo shingoni, akaniita.

"Papa, unaogopa? Huyu hakuli. Kinywa yake nimefunga miye-mwenyewe."

Nikamuuliza, kwa kile Kiswahili changu cha kitabu, kwa nini hawawachinji wanyama hawa huko huko walikotoka, wakaleta nyama badala ya kuwatesa njia nzima.

"Alors," alisema, akimwagia maji gunia lililo karibu, "miye natoka Isangi. Siku tatu ku mutumbwi, kupanda mto. Nikiua kule, hapa nitauza nini, harufu? Hatuna frigo, papa. Nyama ya muzima iko najichunga yeye-mwenyewe." Kisha akainama, akamwambia mamba neno la kwao, polepole, kama mtu anayemtuliza mgonjwa. Nikauliza amemwambia nini. "Namuambia jua litapita. Litapita kweli, sivyo?"

Huyo ndiye Mama Albertine. Alikuwa na umri wa kama miaka arobaini, mjane wa mvuvi, na mtumbwi wake uliendeshwa na yeye na kaka yake, mtu mkimya ambaye watu wote walimwita Tonton Likenge, yaani Mjomba Likenge. Mwezi wa kwanza nilikuwa napita mbele yake kwa salamu tu. Banda langu la kuchinjia lilikuwa upande wa pili wa wauza mbuzi, na Ijumaa moja nilipokuwa nanoa kisu nyuma ya mlango, nikamwona amesimama anatazama. Alikaa mpaka nikampa mbuzi maji, nikamgeuza kibla, nikasoma, nikamaliza. Mbuzi wengine nilikuwa nimewafunga nyuma ya ukuta.

"Sababu gani unaficha kisu?" aliuliza.

Nikamwambia mnyama hapaswi kukiona kisu, wala kuona mwenzake anachinjwa, ndivyo tulivyofundishwa. Akageuka kuwatazama mbuzi wa nyuma ya ukuta.  "Kumbe na nyinyi iko na heshima ya nyama," alisema, na nyama kwao ni mnyama pia. "Watu banasema Waislamu iko na kisu tu. Bon. Papa Kisu, asante." Jina likabaki. Na tangu siku hiyo, mnunuzi wake akitaka mamba akatwe pale pale, aliweka ukuta wa majani ya mgomba kati ya huyo na wengine. Wauzaji wenzake walimcheka wiki moja. Baada ya mwezi wote walikuwa na majani.

Mimi nami nilichukua vyake. Niliona jinsi alivyofuata kivuli siku nzima, akiwahamisha kobe kila jua linaposogea, hata kama ina maana ya kusimama mara ishirini. Niliona hakuwahi kumgeuza kobe chali, ingawa wengine walifanya hivyo ili asitambae. Nilijifunza kwake kwamba mnyama anayehangaika mara nyingi anataka kitu kidogo tu, maji au kivuli au mtu aondoe kelele. Siku hizi vijana wangu hapa Ujiji wakimpiga ng'ombe anayegoma, nawaambia wamuulize kwanza anataka nini. Wanadhani ni uzee.

Kisha waasi wakaja. Walitoka mashariki, mji mzima uliwaita Simba, na askari wa serikali walivua sare zao njiani wakakimbia. Mimi si mtu wa siasa na sitaandika nisiyoyajua. Ninayoyajua ni ya jikoni na ya sokoni. Meli zilisimama. Mbuzi walikwisha ndani ya wiki tatu. Nyumba ya Papa Ramazani ilijaa ndugu waliokimbia vijijini, tukawa watu ishirini na wawili kwenye sufuria moja la pondu, majani ya muhogo yasiyo na mafuta wala chumvi, na kupitia dirisha langu nilimsikia Mama Salima akigawa kwa kijiko, anataja jina la kila mtu, lake mwenyewe akiliruka. Mtumbwi wa Mama Albertine uliendelea kuja. Waasi waliuacha kwa sababu nao walikula. Mamba sisi hatukuwala, lakini kambale ni halali, na yeye alikuwa na matenga makubwa yaliyozamishwa mtoni ng'ambo ya pili, amehifadhi samaki wazima ndani yake kwa siku mbaya kama zile. Kila Ijumaa alituletea watatu, wanapigapiga kwenye beseni kichwani kwake. Papa Ramazani, ambaye zamani aliwakataza wanawe hata kupita karibu na wauza mamba, alikuwa anainuka kumpokea mlangoni. "Ingia, dada," alisema. "Ngoja, papa, miguu yangu iko na matope," alijibu kila mara, na kila mara akaingizwa na matope yake.

Mambo yaliniharibikia siku ya jua kali, mchana, mimi nikiwa sokoni bila kazi. Kundi la waasi lilipita na mkuu wao, kijana kuliko mimi, kichwani amevaa ngozi ya mnyama. Mmoja aliniuliza natoka wapi. Nikajibu, na kile Kiswahili changu kikanisaliti. "Wewe Kiswahili yako iko ya wapi?" mkuu aliuliza. "Hapa hakuna mutu anaongea vile. Ni Kiswahili ya radio. Wewe iko espion." Nikasema mimi si mpelelezi, ni mchinjaji wa Waislamu. Akatazama banda langu tupu, akatazama mikono yangu mitupu. "Muchinjaji bila nyama," akasema, na wenzake wakacheka, na mmoja akanipiga kitako cha bunduki mgongoni nikaanguka kifudifudi kwenye majani ya kobe. Nilisikia bunduki ikikokwa. Nilianza shahada, na nakumbuka kobe mmoja alikuwa mbele ya pua yangu, amerudisha shingo ndani, na nikatamani niweze kufanya vile.

Wapiganaji wale walikuwa wamepewa dawa. Mji mzima ulijua masharti yake: ukiitunza, risasi inageuka maji, ukiguswa na mwanamke, imekwisha. Mama Albertine aliinuka kati ya mamba wake. Hakupiga kelele. Alitanua mikono yake miwili, imelowa, na akaanza kuwaendea kama mtu anayetaka kuwakumbatia ndugu zake. Yule mwenye bunduki akarudi hatua moja. Mama akasogea moja. Akarudi mbili. "Mama, simama!" mkuu alisema. "Simama pale!" Yeye akaendelea kuja, mpaka akawa amesimama juu yangu, mguu mmoja upande huu wa mbavu zangu na mwingine upande ule, kitenge chake kinadondosha maji ya mto shingoni mwangu. "Huyu iko muchinjaji," alisema. "Kama munataka kujua, mumupatie nyama. Kazi ya mutu iko ku mikono yake." Na wale wauza samaki, wauza mabuu, wauza kobe, mmoja mmoja, wakaanza kuinuka nao, wanapangusa mikono. Wanaume wenye bunduki walirudi nyuma mbele ya wanawake wenye magamba ya samaki vidoleni, mpaka migongo yao ikagusa ukuta wa ghala. Nimeona mengi tangu hapo. Sijaona tena kitu kama kile.

Mkuu hakutaka kuonekana ameshindwa. Alisema vema, nyama ipo. Walikuwa wameleta ng'ombe dume kwa tishali kutoka shamba moja la wazungu upande wa Yangambi, mnyama mwekundu, shingo kama gogo, amefungwa kwenye nguzo juani tangu jana yake. Alikuwa amemvunja mtu mbavu. Hakuna aliyethubutu kumkaribia, na kumpiga risasi hawakutaka, sijui kwa nini. Labda hilo nalo lilikuwa sharti. "Ukiweza huyu, wewe muchinjaji," aliniambia. "Ukishindwa, unajua."

Tulifuatana wote, soko zima. Dume lilikuwa linakwaruza ardhi, povu jeupe mdomoni, macho yamegeuka. Nilipoliona nilijua kwamba mnyama wa hali ile hata watu sita hawamwangushi. Mama Albertine alisimama kando yangu akamtazama kwa muda, kama alivyokuwa akiwatazama mamba.

"Iko na kiu," alisema. "Ni vile tu."

"Siku mbili juani," nikasema.

"Ni vile tu, Papa Kisu. Anza na kile unajua."

Nikaomba maji. Wanawake wakapanga mstari kutoka mtoni, beseni likapita mkono kwa mkono. La kwanza nilisukuma kwa fimbo ndefu, dume likalipindua. La pili likanywa. La tatu, la nne. La tano nililishika mwenyewe. Alikunywa saba, na mama alikuwa akimsemesha kwa lugha ya kwao muda wote, na mimi nikajikuta nasema naye kwa Kiswahili changu cha kitabu, tafadhali, tulia, tafadhali. Hakuna aliyecheka. Tukamwagia maji mgongoni, nikamsogeza kivulini mwa ghala. Kisha nikachukua kamba, nikaizungusha shingoni, nyuma ya mabega, mbele ya mapaja, kama nilivyofundishwa na wachinjaji wa Tabora, na nikaomba watu wa kuivuta polepole kutoka nyuma. Waasi hawakuweza kuigusa kamba, ilikuwa imeshikwa na wanawake. Kwa hiyo wanawake wa soko wenyewe ndio walioivuta, kumi au kumi na wawili, bila haraka. Dume likatikisa kichwa, likapiga magoti, likalala lenyewe kama linalojilaza usingizini. Nilisikia umati ukivuta pumzi kwa pamoja. Nikalifunika macho kwa kitenge ambacho mama alinitupia, nikaelekea kibla, na kisu, nilichopitia bandani kukichukua, nilikitoa pale mwishoni kabisa.  Nilipoinuka mkuu wa waasi alikuwa amevua ile ngozi kichwani, ameishika mbele yake, na naamini hakujua kwamba ameivua.

Siku ile Stan ilikula nyama. Tangu hapo nikawa mchinjaji wa waasi, na hili nataka niliseme bila kulipamba. Waliniletea ng'ombe na nguruwe wa watu waliokimbia au waliokufa. Nguruwe nilikataa, ng'ombe nilichinja. Walinipa kichwa na matumbo, nikavipeleka kwa Mama Salima na kwa wanawake wa soko, na watu ishirini na wawili wakala. Nilijua wanyama wale wametoka wapi. Nilikula nami. Kila nikiwa mgonjwa huwa najiuliza kama ningefanya vingine, na bado nasikia kijiko cha Mama Salima kikiruka jina lake.

Kisha siku moja ndege zilikuja, na wanajeshi wakashuka kutoka angani kwa miavuli, na mji ukabadilika mikono kwa mara nyingine. Safari hii waliotafutwa ni waliokuwa na waasi. Siku ya nne, wakati wa chakula cha mchana, nikiwa nimejilaza chumbani, nilimsikia Mama Salima jikoni. "Banatafuta muchinjaji wao. Jirani ameniambia. Papa, wakimukuta hapa watatumaliza sote." Papa Ramazani akajibu kwa ile sauti yake ndogo, "Ni mugeni wetu. Tulimwita sisi."  "Najua," Mama Salima alisema, na akaanza kulia. "Najua, Papa. Ndiyo maana nalia." Sikusubiri wafike kwenye neno ambalo lingewaumiza kulisema. Nilichukua kisu changu na msahafu, nikatoka mlango wa nyuma. Papa Ramazani alinikuta uani. Alinivalisha viatu alivyoshona mwenyewe, akafunga kamba akiwa amepiga magoti mbele yangu, mtu wa umri wa baba yangu.

Mvua kubwa ilianza nikiwa njiani, na hiyo ndiyo iliyoniokoa, kwani askari walijificha chini ya mabaraza. Mtumbwi wa Mama Albertine ulikuwa umefika muda ule ule kutoka Isangi, umejaa, bado haujashushwa: mamba kumi na wawili, kobe sijui wangapi, matenga matatu ya kambale. Ulikuwa mzigo wake wa kwanza tangu vita vya mji, na alikuwa ameununua kwa kila alichokuwa nacho. Nilimwambia natafutwa. Alitazama juu ukingoni, akatazama mzigo. Kushusha vitu vile kungechukua saa nzima mbele ya macho ya askari.

"Lala katikati yao," alisema. "Likenge, geuza."

Nililala chali kati ya mamba, gunia lililolowa juu yangu kama walivyofunikwa wao. Ubavu wa mmoja ulikuwa umegusa wangu. Nilihisi anapumua, polepole sana, polepole kuliko kiumbe chochote nilichowahi kukishika, na nikaanza, bila kutaka, kupumua naye. Tulipita mbele ya askari. Nilisikia mtu akiuliza kwa sauti kubwa kuna nini ndani, na Mama akajibu, "Ngando, chef. Mamba. Unataka kuangalia?" Hakutaka.

Tulipovuka katikati ya mto, upepo wa mvua ulikuwa umeinua mawimbi. Mtumbwi uliobeba mzigo kamili na mtu wa ziada ulikaa chini mno, maji yakaanza kuingia. Tonton Likenge alikomba kwa kibuyu, mimi nikakomba kwa mikono, na maji yakaendelea kupanda. Nikamwambia mama niko tayari kuogelea. Alinitazama kama mtu aliyesikia upuuzi. "Wewe wa ziwa, hujui mto hii," alisema. "Towa kisu yako."

Alianza na kobe. Aliwatia majini mmoja mmoja, hakuwatupa. Matenga ya kambale yakafunguliwa. Kisha akashika kichwa cha mamba wa kwanza kwa viganja viwili, nami nikakata ukambaa wa mdomo, na ule wa mikono, na tukamtelezesha nje. Alielea kando yetu kwa muda, haamini labda, kisha akawa hayupo. Tulifanya hivyo mara kumi na mbili. Mvua ilikuwa inampiga usoni, sikuweza kujua kama analia, na sikuuliza. Kila mmoja alimwambia lile neno la kwao. Mtumbwi ukainuka kidogo kidogo, mpaka maji yakakoma kuingia, na tukawa watu watatu ndani ya mti mtupu kwenye mto usio na upande wa pili.

Waliniacha mdomoni mwa mto Lomami, kwa ndugu zake waliokuwa wanapanda kwenda Opala. Kutoka pale nilisafiri kwa mitumbwi na kwa miguu karibu miezi mitatu hadi ziwani, na viatu vya Papa Ramazani vilifika Ujiji vikiwa na tundu moja tu. Siku ya kuagana na Mama Albertine nilimuuliza atafanya nini sasa, na mzigo wote umekwenda. Alifunga kitenge chake upya, akasema, "Nitarudi soko." Nilidhani anasema kwa ajili ya kunituliza.

Mwaka uliofuata barua ya Papa Ramazani ilinifikia. Aliandika kwamba wote nyumbani ni wazima, kwamba askari walikuja mara moja wakaondoka, kwamba Mama Salima ananisalimu. Chini kabisa aliongeza mistari michache juu ya Mama Albertine. Alisema sokoni pao mahali pakikaa wazi huchukuliwa na mwingine, na mtu harudishiwi. Kwa hiyo alirudi Stan na mtumbwi mtupu, akatandika majani mabichi pale pale ukingoni, akayamwagia maji, akaketi mbele yake. Siku nane alikaa hivyo, hana hata konokono mmoja wa kuuza, anaamkia kila anayepita. Siku ya tisa muuza kobe wa jirani yake alikuja na kobe wawili, akamwekea juu ya majani yale awauze, akaenda zake.